Fimbo ya Kifua na Mikoko ya Shangazi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananisimamisha barabarani. Mmoja anataka kujua kama maji ya bahari yana chumvi kweli, mwingine anauliza nimemletea samaki gani, na yuko ambaye ameshaambiwa, sijui na nani, kwamba nilizama nikatolewa maji tumboni. Sikuzama. Nilipanda mti, basi. Mimi si mtu wa kurudia hadithi moja kila mlango, subira hiyo sikujaliwa, kwa hiyo naandika mara moja, msome, mpeane. Habari za viza na karatasi msiniulize. Zilitupotezea muda kule, hazitatupotezea na hapa.

Bel-Air

Kazi yangu mnaijua, ingawa wengi wenu mnaicheka. Napima uzito wa miti. Tunaingia misitu ya miombo, huko njia ya Kinsevere na kuzidi, tunapima unene wa miti iliyosimama, kisha tunakata mmoja na kuuweka kwenye mizani vipande vipande: shina, matawi, majani. Kutokana na huo mmoja tunajifunza kukadiria uzito wa msitu mzima bila kuukata. Uzito wa kila kitu kilicho juu ya ardhi, hiyo ndiyo biomasi tunayoisema siku zote, na hiyo ndiyo inayowaambia wakubwa kama mahali pana msitu au hapana.

Safari ilianzia kwenye sauti ya Shangazi Mwanaidi, aliyoituma katika simu ya Baba. Shangazi ni mdogo wake Baba, baba mmoja mama mmoja, ila hawajaonana tangu utotoni. Babu alitoka Rufiji, pale mto unapogawanyika ukaingia baharini, akaja Katanga na biashara ya nguo. Alikuja na mtoto wa kiume, wa kike akamwacha na mama yake. Njia ikawa ndefu, maisha nayo yakawa maisha. Bibi alikufa wakati Baba ni kijana wa kazi hapa Lubumbashi, na habari ikamfikia mazishi yakiwa yamekwisha zamani. Hakutupa udongo kaburini kwa mama yake. Jambo hilo halijamtoka moyoni, na sisi watoto tumekua nalo ndani ya nyumba kama mgeni asiyeondoka.

Maneno ya Shangazi yalikuwa haya, kwa ufupi. Miaka mingi nyuma maji yalianza kula ukingo wa kijiji chao yakafika makaburini. Yeye na wanawake wenzake wakapanda mikoko, ile miti inayoota kwenye tope la maji ya chumvi, safu kwa safu, mpaka maji yakatulia. Sasa amekuja bwana mmoja anayetaka mahali pale achimbe mashamba ya chumvi, na amewaambia watu wa wilaya kwamba pale hapana msitu, ni vichaka tu, na kichaka hakina wa kukilinda. Watu wa wilaya wakajibu: leteni vipimo.

"Mwambie Zaina aje," Shangazi akasema. "Si ndiye anayepima miti? Mikoko ikiondoka, mama anaondoka na maji."

Baba aliisikiliza sauti ile mara ya pili, akatoka uani. Aliporudi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, limejaa udongo wa mtaa wetu wa Bel-Air, mwekundu kama mnavyoujua.

"Uende uniangalilie kaburi ya mama," akaniambia. "Kama iko, umwange hii budongo juu yake. Kama haiko, usinidanganye."

Kasumbalesa

Mizani yetu kubwa ni ya chuma, ya kuning'iniza kwenye mti au kwenye nguzo, na ndege haiitaki. Ndiyo maana tulikwenda kwa barabara, mimi na Ilunga. Ilunga ni mwenzangu wa kazi miaka mingi, ukoo wake watu wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga, Mkatoliki wa kushika rozari hata ndani ya lori. Ananiita Ya Zaina, kana kwamba mimi ni dada yake mkubwa, ingawa ndevu zake zina mvi kuliko kichwa changu. Haogopi nyoka wala nyuki. Anaogopa maji yoyote yasiyoenea ndani ya ndoo.

Lori lilikuwa la Tumaini, dereva wa Mbeya aliyeshusha mzigo hapa na sasa anarudi kwao mtupu. Foleni ya mpakani Kasumbalesa mmeiona wenyewe. Malori yamelala moja nyuma ya jingine, wabadilisha fedha wanapita na viti vyao vya plastiki, madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Tulikaa pale mpaka Ilunga akajuana na kila muuza mayai.

Ilipofika zamu yetu, mtu wa duane, yaani forodha, alipanda nyuma akaiona mizani. Alitushukia na uso wa mtu aliyepata.

"Mama," akaniambia, "muntu anabeba mizani, anabeba na kitu ya kupima. Iko wapi?"

Nikamwambia tunapima miti. Akauliza ni nani ananunua miti kwa kilo, maana yeye anajua makala tu, yale makaa ya kupikia. Akaendelea kupekua, na hapo akakutana na kopo. Alipofungua akaona udongo mwekundu, alimwita mwenzake, na wote wawili wakaanza kuuchambua kwa kidole. Mizani kubwa na kopo la udongo kutoka Katanga: hata mimi ningekuwa duane ningesema hawa wamebeba mfano wa madini. Nilianza kupandwa na hasira. Ilunga, kwa kutaka kunisaidia, akasema ule ni udongo wa kaburi. Jamani! Wale watu walirudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto. Sasa tukawa si wezi wa madini tena, ni wachawi.

Ikabidi nieleze yote, nimesimama juani, mbele ya madereva: Baba, Babu, nguo, Bibi, udongo ambao haukutupwa. Nilieleza kwa ukali mwanzoni, halafu sauti ikanikatika, sikutegemea.  Yule bwana wa duane alikung'uta kiganja chake taratibu juu ya kopo mpaka chembe zote zikarudi ndani, akafunga kifuniko yeye mwenyewe.

"Na mimi, mama yangu alikufia Kalemie," akasema. "Mimi niko hapa. Pita, mama."

Kuanzia hapo Tumaini hakunitania tena mpaka Zambia katikati. Kopo nililiweka miguuni pangu, si nyuma na mizigo.

Njia ya Zambia

Mbele ya Serenje lori lilitoa sauti ya kukohoa likanyamaza. Tumaini aliingia chini yake, akatoka, akasema kuna kipuri hana, kitaletwa na mwenzake aliye nyuma. Nyuma wapi, hakujua. Tukakaa. Mama mmoja wa duka la kando ya barabara alitupikia nshima na dagaa wa kapenta, akatupa na kinywaji cha munkoyo kwenye kikombe kimoja kikubwa tupokezane. Kwa chakula kile ningeweza kulilia Lubumbashi, maana nshima ni bukari yetu ile ile, ugali ule ule, jina tu limehama.

Pale pana miombo kama ya kwetu, na Ilunga hawezi kukaa karibu na mti akaacha kuupima. Alitoa fimbo ya kifua. Msioijua niwaeleze, maana bila fimbo hii hamtaelewa kosa letu. Unene wa mti hupimwa mahali pamoja kwa miti yote, usawa wa kifua cha mtu mzima. Kwa kuwa vifua havilingani, sisi tuna fimbo iliyokatwa kimo hicho, imekuwa nyeusi kwa mikono ya watu. Unaisimamisha chini ubavuni mwa mti, na inapoishia ndipo unapozungusha utepe. Mche ambao hauna shina pale fimbo inapoishia, sisi tunauita kichaka na hatuuandiki. Ilunga aliwafundisha hivyo vijana wengi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu vya porini.

Alipokuwa amepima miti kadhaa, watu wa pale walianza kukusanyika, hawana furaha. Walidhani ardhi yao imeuzwa. Mama wa duka ndiye aliyetuuliza, kwa Kibemba, mnunuzi ni nani. Ilunga alijibu kwa Kibemba chake cha Lubumbashi kwamba hakuna mnunuzi, anapima kwa mazoea tu, na hilo likawaudhi zaidi, kwani nani anapima kitu asichokitaka? Nilimwambia arudishe fimbo garini. Tulikula chakula cha jioni peke yetu, mama hakuja tena kuzungumza nasi. Nilimfikiria Shangazi. Watu wakiona mgeni na utepe hawana haja ya kuelezwa, wanajua kilichowakuta wengine.

Tunduma hadi kijijini kwa Shangazi

Kipuri kilikuja, tukavuka Tunduma, tukaagana na Tumaini kwao Mbeya, mkewe akatupakia ndizi za njiani. Kutoka hapo tulipanda hiki na kile mpaka mwisho wa barabara, pale magari yanapogeuza kwa kuwa mbele ni maji. Kila tulipofungua mdomo watu walicheka. Si kwa ubaya. Walisema tunaongea kama redio iliyopigwa na radi, nami nikawajibu kwamba wao wanaongea kama waliolipwa kwa kila silabi. Tukaelewana.

Boti ya mashine ilituchukua pamoja na mizani. Ilunga alifumba macho tangu tulipoondoka hadi tulipogota, midomo inakwenda, rozari inakwenda. Alipofumbua, Shangazi alikuwa amesimama kwenye tope amekunja kanga magotini.

Alikuwa hajawahi kuniona. Alinishika uso kwa mikono miwili akaniangalia mpaka nikaona haya. "Una paji la kaka yangu," akasema, halafu akalia, nami nikalia, na Ilunga akatafuta kitu cha kufanya na mizigo.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja na mfuko wa finkubala, wale viwavi wakavu ambao kwetu ni zawadi ya heshima. Mkwe wa Shangazi alifungua mfuko, akaufunga, akauliza kwa adabu kama tumeshauriwa na daktari. Jioni wao wakaleta kaa wa tope, wekundu, na makucha yao. Ilunga, mtu anayetafuna viwavi kama karanga, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi kula buibui wa maji. Alilala na wali mtupu.

Asubuhi Shangazi alinipeleka kaburini. Ni kilima kidogo cha mchanga, mawe mawili, na mbele yake mikoko inaanza mara moja, mkoko mmoja umesimama peke yake karibu kabisa na kichwa cha Bibi. Ulikuwa wa kwanza kupandwa, aliupanda Shangazi. Lilikuwepo kaburi, nilimshukuru Mungu. Nikafungua kopo, lakini Shangazi akanishika mkono.

"Usimwage udongo wa mwanawe mahali ambapo maji yanaweza kuubeba," akasema. "Tujue kwanza kama tunabaki."

Kwenye mikoko, na fimbo

Tulifanya kazi kama tulivyozoea. Tulifunga kamba, tukagawa eneo, Ilunga anasimamisha fimbo, mimi nazungusha utepe na kuandika. Ila hakuna kilichokuwa cha kawaida. Tope linavuta mguu na kubaki na kiatu. Na mikoko yenyewe! Mti mmoja unashuka kwa mizizi mingi iliyopinda, imetawanyika pande zote, na shina linaanza huko juu. Fimbo yetu ilipoishia tulikuta mzizi huku, mzizi kule, na katikati hewa tupu.

"Ya Zaina," Ilunga akasema, "hii miti haiko na mwili, iko na miguu tu."

Tukacheka. Halafu tukafanya kile tulichofundishwa: kisicho na shina penye fimbo ni kichaka, usiandike. Miti mirefu kuliko nyumba, yenye ndege juu, tuliipita bila kuiandika. Tuliandika ile michache iliyokuwa na shina hadi chini, aina nyingine, iliyoota pembezoni. Mnaona? Mtu wa pwani asingefanya kosa hilo, na mtu asiyejua kupima asingelifanya. Lilituhitaji sisi.

Nilipopiga hesabu, uzito uliopatikana ulikuwa kidogo mno, hata shamba la mihogo lingetushinda. Nilirudia hesabu. Ikarudi vile vile. Sikuwa na namna. Baba alisema usinidanganye, na niliona neno lile linamhusu na Shangazi. Nilimkuta anachagua mchele, nikamwambia kwamba kwa vipimo vyetu pale si msitu.

Hakubisha. Mkono ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. "Basi yule bwana alisema kweli," akasema. "Nami nilikuwa namwona mwongo." Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi kuja kumsaidia, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika ukoo kusema Bibi aachwe achukuliwe na maji.

Maji yalipokuja

Kesho yake nilimwambia Ilunga twende tena tukarudie, labda tulikosea kufunga kamba. Hatukumuaga mtu, na hapo ndipo hadithi ya kuzama kwangu ilipozaliwa. Tuliingia ndani sana maji yakiwa yamekupwa. Sisi ni watu wa bara. Kwetu maji yakitoka mahali yametoka, mpaka mvua nyingine. Nilikuwa nimeinama na utepe nikasikia Ilunga anauliza nani amefungulia maji. Yalikuwa yanakuja bila kelele, katikati ya mizizi, yamefika kwenye vifundo vya miguu, halafu magotini, na njia tuliyoijia haionekani.

Ilunga hakusali hata. Aliparamia mkoko na fimbo yake mkononi, nami nikapanda nyuma yake, mwanamke wa umri wangu, nguo zimejaa tope. Tulikaa juu ya mizizi, tumekumbatia shina, maji yanapita chini yetu. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Nilimfikiria Baba atakavyopokea habari kwamba maji ya kwao yamemla na binti.

Hapo nikatambua ninachokumbatia. Lilikuwa shina. Shina nene, gumu, limenyooka, linanijaa mikono miwili. Nilikuwa nimelipita mara ngapi kwa chini nikisema halipo! Nikamwambia Ilunga asimamishe fimbo.

"Wapi?" akauliza. "Chini iko maji."

"Hapa, juu ya mizizi. Mti huu unaanzia hapa."

Alinitazama, akatazama fimbo, akatazama miti yote iliyotuzunguka.  Usilolijua ni usiku wa giza, na sisi tulikuwa na usiku wetu mchana kweupe. Shangazi na mkwewe walitukuta kwa mtumbwi tukiwa bado juu, tunabishana kuhusu kipimo kama watu waliokaa barazani. Mkwe alicheka mpaka akaangusha kafi. Shangazi hakucheka, alisema tu tushuke polepole.

Nilimpigia mkubwa wetu wa kazi huku Lubumbashi. Alinisikiliza, akavuta pumzi, akasema mikoko hupimwa juu ya mzizi wa juu kabisa, imeandikwa tangu zamani, na kwamba sisi tulikuwa tumepima suruali ya mtu tukasema hana kifua. Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: mizizi ile nayo iko juu ya ardhi, kwa hiyo uzito wake unahesabiwa. Kwetu mizizi haihesabiwi, iko chini, nani anaiona? Tulianza upya, safu ya kwanza hadi ya mwisho, safari hii tukiuliza kwanza maji yanajaa saa ngapi.

Siku ya kukata

Watu wa wilaya walikuja, na bwana wa chumvi alikuja nao. Sikumpenda kabla ya kumwona, na nilipomwona ikanibidi nikubali kuwa si mtu mbaya. Alikuwa na adabu. Alisema jambo moja tu: mpimaji ni mtoto wa kaka wa mwenye miti, kwanza alipata kidogo, sasa amepata kingi, na yeye angependa kuona kwa macho. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Njia ya kuonyesha kwa macho ni moja. Kata mti mmoja, upime wote, tuone kama makadirio yetu yanasema kweli. Mti wenyewe lazima uwe wa unene wa kati, si jitu wala mche. Ilunga alionyesha kadhaa iliyofaa. Lakini kila safu pale ina mwanamke aliyeipanda, na wanawake walikuwa wamesimama nyuma ya miti yao bila kusema. Mmoja kati ya iliyofaa ulikuwa ule mkoko wa kwanza, wa kichwani kwa Bibi. Ni wa zamani kuliko yote, ila umesimama penye mchanga, haukunenepa.

Shangazi akauwekea mkono. "Ukatwe huu."

Nilimwambia kuna mingine, na huu ndio unaomkinga Bibi. Akasema, "Siwezi kumwambia mwenzangu akate wake nami wangu umesimama." 

Ilunga alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaanza na shoka. Ulianguka upande wa maji. Tulitundika mizani kwenye miti miwili mikubwa, tukaanza kupandisha: mizizi kwanza, imeoshwa tope, halafu shina, halafu matawi. Wanawake walibeba vipande bila kuitwa, wanakuja mmoja mmoja kama watu wanaopokezana jeneza. Bwana wa chumvi ndiye niliyemwomba asome mshale wa mizani, naye akasoma kila kipande kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti ikazidi kushuka. Mizizi peke yake, ile tuliyoiita hewa tupu, iliishughulisha mizani kuliko nilivyotegemea.

Majani yalibaki mwisho. Hayo tunayapima kwa mizani ndogo, ile ya kliniki ya kupimia watoto wachanga. Shangazi aliyakusanya mwenyewe kwenye kanga, akayaning'iniza kwenye ndoano, akasimama akiyashika kwa chini kama mama anayeogopa mtoto ataanguka. Nikamwambia aachie, mizani haitasema kweli akishika. Akaachia.

Jumla ilikuja karibu kabisa na tulivyokadiria. Mkubwa wa watu wa wilaya alirudia hesabu kwenye simu yake, akamwonyesha bwana wa chumvi. Bwana yule aliitikia kwa kichwa, akaenda kuosha miguu. Pale pakaandikwa msitu. Mashamba ya chumvi yakapelekwa ng'ambo ya mto, kwenye uwanda usiootesha kitu.

Watu walishangilia, mimi sikuweza. Kichwani kwa Bibi palikuwa na pengo. Ukisimama kaburini uliona maji moja kwa moja, na maji ya bamvua, yale makubwa kuliko yote, yalikuwa hayajaja bado. Tulifuma uzio kwa matawi yale yale tuliyokuwa tumeyapima, wanawake wakachomeka mbegu za mikoko katika tope, ndefu na nyembamba, zikiwa na majani mawili mawili. Halafu Shangazi akaniambia, "Sasa mwage." Nikamwaga udongo wa Bel-Air, mafungu matatu kwa mkono kama inavyotakiwa, na uliobaki nikautandaza. Ulionekana mwekundu sana juu ya mchanga ule mweupe. Ilunga alisali kwa dini yake, mimi kwa yangu.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, na uchovu zaidi. Kasumbalesa nilimkuta yule bwana wa duane. Hakugusa mzigo. Aliliona kopo tupu akauliza, "Ulimwanga?" Nikasema ndiyo. Akagonga ubavu wa gari kwa kiganja, tukapita.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Hakuniuliza habari za safari. "Iko?"

"Iko, Baba."

Nikamweleza yote, na pengo nikamweleza, maana alikataza kudanganywa. Alipenda Shangazi alivyosema kuhusu miti ya wenzake, nililiona hilo usoni. Lakini baadaye akasema, "Sasa mulifungulia maji mulango," na hakula vizuri siku zile. Alijifunza kutoka kwa Ilunga bamvua ni nini, akawa anamuuliza kila anapopita: imefika? Ilunga alikuwa anajibu kama anayeijua bahari tangu kuzaliwa.

Kisha sauti ya Shangazi ikaja. Nyuma yake kulikuwa na kunguru na watoto. Baba alinipa simu niishike karibu na sikio lake linalosikia.

"Kaka," Shangazi alisema, "bamvua limekuja, limepita. Maji yamefika kwenye uzio yakarudi. Nimetoka huko sasa hivi. Udongo wako upo pale pale, mwekundu."

Baba aliomba niirudie ile sauti, nikairudia. Alikaa, mikono juu ya magoti, na machozi yakamshuka bila yeye kuyapangusa. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku tulipomzika mama yangu.

"Zaina," akasema, "sasa nimemuzika."